Hewa Iliyotolewa Asubuhi

Pampu ile ilikuwa na uzito wa mtoto wa miaka mitano, na hivyo ndivyo Mama Maabara alivyoibeba kutoka stoo ya shule hadi ukumbi wa jamii: mkono mmoja chini, mwingine mgongoni, kichwa cha chuma kikiwa kimemlalia begani. Alikataa mkokoteni. Alikataa pia msaada wa mlinzi wa lango, aliyemfuata hatua kama ishirini akimwuliza mtoto huyo ameanza lini kuota meno.

"Ameota yote," alijibu bila kugeuka. "Na anauma."

Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu, na thelathini na mmoja kati ya hiyo alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari ya mtaa. Kazi hiyo watu huichanganya na ualimu, naye hakuchoka kuwasahihisha. Mwalimu husema, mtunza maabara huandaa. Kabla ya kila kipindi aliweka mezani vyote vilivyohitajika, akavijaribu kimoja kimoja, akavifuta vumbi, akahakikisha vitafanya mbele ya darasa kile kilichoandikwa kitabuni. Kipindi kikianza alisogea nyuma ya chumba, karibu na bomba la maji, akasimama kimya mpaka mwisho. Kwa maelezo yake mwenyewe, katika miaka yote hiyo ni jaribio moja tu lililomwaibisha mwalimu mbele ya wanafunzi. Walimu waliofanya kazi naye wanasema yalikuwa mawili. Yeye anasema la pili lilikuwa kosa la umeme.

Jina la Mama Maabara alipewa na wanafunzi, likahamia kwa walimu, na hatimaye likafika nyumbani, ambako dada yake mkubwa alianza kulitumia kwa dhihaka, kisha akazoea na kusahau kwamba lilikuwa dhihaka.

Baada ya kustaafu aliruhusiwa kuja shuleni kila Jumanne kutunza stoo ya vifaa vya zamani. Alivipaka mafuta vinavyopata kutu, akavigeuza vinavyopinda kwa kulala upande mmoja. Kisha shule ikajengewa maabara mpya, yenye vifaa vidogo vya plastiki vilivyopangwa ndani ya visanduku, na kamati ya ukaguzi ikapita stooni na kuandika orodha ya vitu vya kuondolewa. Gari la vyuma chakavu lilitakiwa lije Jumatatu. Orodha ilikuwa na vitu kumi na saba. Kwa kumi na sita vya kwanza Mama Maabara hakusema neno; aliujua ugonjwa wa kila kimoja na alijua havitapona. Kwa cha kumi na saba, ile pampu, alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu Mkuu, pampu ni nzima."

"Mama, sikatai. Lakini nani anaitumia?"

"Ikihitajika itatumika."

"Imehitajika lini mara ya mwisho?"

Swali hilo lilikuwa na jibu, naye alilijua hadi tarehe. Ilikuwa miaka miwili na miezi minne. Hakulitaja.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu wa roho ngumu. Alikuwa mwalimu wa jiografia, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, na alihitaji chumba cha kuweka mashine ya kuchapia mitihani. Mezani kwake palikuwa na tangazo la Tamasha la Sayansi na Teknolojia, ambalo mkutubi wa maktaba ya mtaa alikuwa akiliandaa kwa mara ya kwanza. Sharti lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa: kila kitakachoonyeshwa kiwe ni kitu ambacho mgeni atakitumia kwa mikono yake mwenyewe. Mwalimu mkuu alilisukuma tangazo hilo upande wa pili wa meza.

"Ipeleke huko. Nitapita Jumapili saa nane mchana. Nikikuta watu wanaitumia, naifuta kwenye orodha kwa kalamu yangu. Nikikuta umesimama nayo peke yako, basi Jumatatu iende na wenzake. Tumeelewana?"

"Saa nane kamili?"

"Mama, mimi si kipindi. Saa nane na kitu."

Hivyo ndivyo pampu ilivyofika ukumbini siku ya Ijumaa, ikiwa begani.

Jumamosi, siku ya kwanza ya tamasha, Mama Maabara alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa nzima na nusu kabla ya milango kufunguliwa. Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu na sakafu ya saruji iliyong'arishwa kwa miaka mingi ya kufagiliwa. Meza yake ilikuwa ya tano upande wa kushoto. Kulia kwake alikuwepo fundi baiskeli, aliyegeuza baiskeli miguu juu ili mtu akizungusha pedali kwa mkono, taa iwake. Kushoto palikuwa na muuguzi wa zahanati na vifaa vinne vya kusikilizia moyo, kila mgeni ajisikilize wa kwake.

Chombo cha Mama Maabara kilikuwa hivi. Juu ya bamba la chuma kilisimama kioo kikubwa chenye umbo la kengele, kirefu kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani ya kioo ilining'inia kengele ndogo ya umeme, ya aina ya kengele za mlangoni, ikishikiliwa na vipande viwili vya mpira wa tairi la ndani la baiskeli, ili mtikisiko wake usishuke hadi kwenye chuma. Nje palikuwa na betri na kitufe. Chini ya bamba ndiko ilikokaa pampu yenyewe, na mpini wake mrefu wa mbao uliolainika kwa kushikwa. Mtu akivuta na kusukuma mpini, hewa hutoka ndani ya kioo kidogo kidogo. Kengele inaendelea kupiga, nyundo yake inaonekana ikicheza, lakini sauti inafifia, kwa kuwa sauti husafiri ndani ya hewa na hewa haipo tena, limebaki ombwe.

Alipaka grisi ukingo wa kioo kwa kidole cha shahada, mzunguko mmoja bila kuinua. Akakilaza mahali pake. Akabonyeza kitufe, kengele ikalia, naye akaanza kupampu huku akihesabu moyoni. Kufikia mara ya ishirini mlio ulikuwa umehama, kana kwamba mtu amefunga mlango wa chumba cha pili. Kufikia mara ya arobaini ulikuwa wa nyumba ya jirani. Mara ya sitini na mbili hapakuwa na kitu, ila nyundo ndogo ikiendelea kujipigapiga kwa bidii isiyo na faida. Akaachia kitufe. Akafunga koki ya kuzuia hewa isirudi. Akafuta alama za vidole kwenye kioo na kwenye mpini, akainyoosha kadi aliyoiandika mwenyewe, SAUTI HAIPITI PENYE OMBWE. BONYEZA HAPA, kisha akarudi nyuma ya meza, mikono mgongoni. Kila kitu kilikuwa tayari.

Mgeni wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye kikapu cha sokoni. Alisoma kadi, akabonyeza, akangoja.

"Hii mbovu, mama."

"Si mbovu. Ndivyo inavyotakiwa."

"Inatakiwa isilie?"

"Ndiyo."

"Basi hata ya kwangu nyumbani hailii. Ningejua na mimi ningeileta." Akachukua kikapu chake, akahamia kwenye baiskeli, akaizungusha mpaka jasho likamtoka.

Ilikwenda hivyo mchana kutwa. Watu walibonyeza, wakaona nyundo, wakamtazama yeye kwa huruma, wakapita. Mama mmoja alimwambia kwa sauti ya chini abadilishe betri. Kulia, taa ya baiskeli iliwaka na kuzimika kwa vicheko. Kushoto, watu wazima walifumba macho wakisikiliza mioyo yao kama wanaosikiliza habari za mbali. Fundi baiskeli alivumilia mpaka saa tisa.

"Dada, naomba niulize, usikasirike."

"Uliza."

"Umeacha shughuli zako zote, umebeba chuma chote hicho, umekuja kutuonyesha kengele ambayo hailii?"

"Hailii kwa sababu."

"Sawa, ina sababu. Mimi pia wateja huniletea baiskeli ambazo haziendi, na zote zina sababu. Ila huwa sizitangazi."

Alitamani kumjibu, lakini alikuwa na shughuli ya kuhesabu. Mpaka milango inafungwa saa kumi na moja, kitufe kilikuwa kimebonyezwa mara kumi na moja, na hakuna aliyesimama mezani pake kwa dakika nzima. Mpini wa pampu haukuguswa na mtu. Ulikuwa safi kama alivyouacha.

Muuguzi alikuwa akikunja nyaya zake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mcheshi, mwenye sauti ya kuzoea kuita majina ya wagonjwa.

"Mama Maabara, najua hunikumbuki."

"Benchi la tatu, upande wa dirisha. Ulivunja kipimajoto."

"Haa! Mpaka leo?"

"Viwili."

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaitazama pampu, na aliyoyasema ndiyo yaliyobadilisha Jumapili yote.

"Kwa hiyo hawakuitengeneza."

"Hawakutengeneza nini?"

"Kengele. Si ilikuwa mbovu tangu enzi zetu? Darasa zima tulijua. Mwalimu alibonyeza, kimya. Akasema, andikeni: sauti haipiti penye ombwe. Tukaandika. Tulipotoka nje tulicheka, tukasema leo mwalimu kajiokoa."

Mama Maabara hakucheka. "Nilitoa hewa mwenyewe," alisema. "Kila mwaka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla hamjafika."

"Sawa, mama. Lakini sisi tungejuaje kwamba iliwahi kulia?"

Inafaa kueleza hapa jinsi kazi hiyo ilivyofanywa, kwa sababu hakuna aliyeipanga iwe hivyo kwa ubaya. Kidato cha tatu kilikuwa na mikondo minne, na mada ya sauti ilifundishwa kwa yote manne siku moja. Kipindi kilikuwa cha dakika arobaini. Kutoa hewa mbele ya wanafunzi kulikula dakika kumi, na mwalimu alitaka kila kitu kiwe tayari anapoingia. Basi Mama Maabara alitoa hewa mapema asubuhi, akafunga koki, na ombwe hilohilo likahudumia mikondo yote minne. Alijivunia kwamba koki yake haikuwahi kuvuja kabla ya saa sita. Jioni, wanafunzi wakishaondoka, aliirudisha hewa. Hesabu ya waliopita mbele ya kioo kile kwa miaka thelathini na mmoja ni zaidi ya elfu nne. Aliyewahi kuisikia kengele ikififia alikuwa mtu mmoja.

Nyumbani aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji aliyeacha cherehani macho yalipokataa uzi. Walikula jikoni, kwenye meza ndogo iliyoegemezwa ukutani kwa sababu ya mguu mmoja mfupi. Mama Maabara alimsimulia yote kwa utaratibu, kuanzia kikapu cha sokoni hadi kipimajoto. Dada alimsikiliza mpaka mwisho, akitafuna polepole.

"Ngoja. Huo mlio unavyokwenda, ukipotea. Ni mzuri?"

"Mzuri sana, dada. Unaondoka kama mtu anayekuaga huku anatembea."

"Na ulikuwa unausikia kila mwaka."

"Kila mwaka."

"Peke yako. Mlango umefungwa."

"Ilibidi niandae."

"Uliandaa nini? Utamu ukala wewe, watoto wa watu ukawapelekea sahani tupu. Tena ukasimama nyuma kuhakikisha hawazivunji." Dada alisema hivyo bila ukali, akamsogezea bakuli. "Kula. Kesho uwape na wao."

"Wataiharibu."

"Hiyo Jumatatu inaharibiwa na wenye gari. Chagua mikono ya nani."

Jumapili Mama Maabara alifika ukumbini pamoja na wengine, saa mbili kasoro. Hakuandaa kitu. Fundi baiskeli anasema aliinyooshea koki mkono mara tatu, akaurudisha. Yeye anasema ni mara mbili. Wageni walipokuwa wamejaa kiasi cha kutosha, alifungua koki aliyoifunga jana asubuhi, na hewa ikaingia kwa mluzi mrefu. Kisha akabonyeza kitufe.

Kengele ililia ukumbini kwa ukali wa kengele ya mlango wa mtu anayedaiwa. Vichwa vyote viligeuka. Muuguzi aliruka.

"Nani anaweza kuinyamazisha?" aliuliza Mama Maabara. Hii, kwa kumbukumbu za waliokuwepo, ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake ikivuka meza. "Kitufe nimekishika mimi, sikiachii. Kengele hamwezi kuifikia. Kuna mpini tu. Nani?"

Kinyozi wa mtaani, mtu mwenye mikono mirefu, alijitokeza kwa ajili ya mzaha. Alishika mpini, akauvuta kwa pupa, na Mama Maabara akahisi kila mvuto mbavuni mwake. Mkono wake wa kushoto, usiokuwa na kazi, aliutia mfukoni na kuufunga ngumi humo. Mara ya kumi na tano kinyozi alikoma mzaha. Mara ya thelathini aliinamisha kichwa karibu na kioo bila kuacha kupampu. Watu waliomzunguka waliacha kuongea mmoja mmoja, kama wanaoogopa kumwamsha mtu.

"Inakwenda," alisema kinyozi kwa mnong'ono. "Jamani, inakwenda kweli. Nyundo hiyo hapo naiona, lakini yenyewe haipo."

"Haijaenda popote," alisema Mama Maabara. "Umeinyima njia."

"Mimi?"

"Si mpini umeushika wewe?"

Kuanzia hapo foleni haikukatika. Mwanamke wa kikapu alirudi, bila kikapu, akadai kwamba jana alidanganywa. Baba mmoja alipampu huku binti yake akihesabu, wakabadilishana, binti akamshinda kwa mara nne. Muuguzi akaleta kifaa chake, akakigandisha kwenye kioo kilichokwisha kunyamaza, akafumba macho.

"Bado ipo, mama. Mbali sana. Kama mapigo ya mtoto tumboni."

"Ni mpira. Mlio kidogo unapita kwenye mpira. Na hewa haiishi yote, hata ukipampu mpaka kesho." Halafu, kwa sauti ya mtu anayetoa siri ya nyumba: "Hilo kitabuni hawakuandika."

Watu wakapanga foleni ya pili, ya kusikiliza kioo. Fundi baiskeli, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa na mteja, alisimama akiwa amekunja mikono. "Dada, umeniua kwa njaa," alisema. "Taa yangu inawaka na hakuna wa kuitazama."

Saa saba na nusu sauti ya pampu ilibadilika. Wengine hawakusikia, Mama Maabara alisikia. Pumzi ya pampu, iliyokuwa nzito, ikawa na mkwaruzo, na mpini ukaanza kwenda kirahisi kupita kiasi mikononi mwa mwanamke aliyekuwa akiushika. Kengele, iliyokuwa imefika nyumba ya jirani, ikaanza kurudi nyumbani.

"Nimefanya nini?" mwanamke yule aliuliza, akauachia mpini kama umemchoma.

"Hujafanya kitu. Ngozi imechanika."

Ndani ya pampu, mwishoni mwa chuma kinachopanda na kushuka, kuna duara la ngozi linaloziba ili hewa isirudi. Ngozi hiyo ilikuwa na miaka kumi na mitatu na haikuwa imezoea kazi ya namna hii. Mama Maabara alikuwa na ngozi ya akiba nyumbani, lakini ilikuwa kavu, na ngozi kavu hulowekwa mafuta usiku na mchana kabla haijakubali kupinda. Alitazama saa ya ukutani. Alitazama foleni. Watu kama ishirini hivi walikuwa wakimtazama yeye.

"Unataka ngozi ya namna gani?" aliuliza fundi baiskeli.

"Laini. Nene kama kucha mbili. Iliyoshiba mafuta, si ya leo wala ya jana."

Fundi alifikiri, akainama, akafungua kiti cha baiskeli yake kwa spana. Kilikuwa kiti cha ngozi, cheusi, kilichopinda kwa umbo la mwenye kukikalia.

"Hii imeshiba," alisema. "Miaka ishirini na miwili imelowekwa jasho langu. Sijui kama sayansi inaruhusu."

"Kata."

Pampu ilipaswa kufunguliwa hapo hapo, na meza ilikuwa ndogo. Shuleni Mama Maabara angefunga mlango, akatandika kitambaa cheupe, akapanga kila skrubu kwa mpangilio wa kutoka. Hapa hapakuwa na kitambaa wala mlango. Alichukua bisibisi, akatoa skrubu ya kwanza, akamwekea kinyozi kiganjani. "Shika. Usitie mfukoni." Ya pili akampa binti aliyekuwa akihesabu. Nati akampa mwanamke wa kikapu, springi akampa muuguzi, kifuniko akampa yule baba. Kila mmoja alisimama mahali pake na kiganja wazi, kama aliyepewa kifaranga. Silinda ilipofunguka, wote waliinama kutazama ndani, vichwa vikigongana.

"Kumbe ni hivi tu?" alisema kinyozi.

"Ni hivi tu," alisema Mama Maabara, akipima ngozi ya kiti juu ya ile iliyochanika na kuichora mzunguko kwa msumari. "Usitikise mkono."

Mwalimu mkuu aliingia saa nane na dakika kumi. Aliona kundi la watu wamejipanga kuizunguka meza ya tano, na katikati yao pampu ikiwa imetandazwa vipande vipande. Alipenya hadi mbele.

"Mama. Imeharibika?"

Mama Maabara hakuinua kichwa. Mkono wake wa kushoto ulitoka na bolti ndefu iliyojaa grisi, ukaiweka kwenye kiganja cha kwanza kilichokuwa karibu. "Shika. Usitie mfukoni."

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amevaa koti la Jumapili, aliishika. Alisimama hivyo kwa dakika kumi na moja, akiwa ameunyoosha mkono ili grisi isimfikie kwenye koti, wala hakuna aliyempisha au kumpa kiti, kwa kuwa kila mtu alikuwa na chake cha kushika. Kisha vitu vikaanza kuitwa kurudi. Springi. Kifuniko. Nati. Skrubu ya binti. Skrubu ya kinyozi.

"Bolti," alisema Mama Maabara, na safari hii akainua kichwa. Alimtazama, akaitazama bolti, uso ukabadilika. "Mwalimu Mkuu. Hujambo."

"Sijambo, mama. Chukua, mkono umekufa ganzi."

Ngozi ya kiti cha baiskeli haikuwa na ubora wa ile ya zamani. Mara sitini na mbili hazikutosha. Waliopampu walikuwa wanne, wakipokezana, na mwalimu mkuu alikuwa wa nne, koti likiwa limeshikwa na muuguzi. Ilipofika mara ya tisini na tano mlio ulikuwa uzi mwembamba. Mara ya mia na tatu ukakatika. Mwalimu mkuu aliendelea kuinama juu ya mpini, akisikiliza pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Nimefanya kazi shule hii miaka tisa," alisema, "na sijawahi kuisikia."

"Hakuna aliyeisikia," alisema Mama Maabara. "Lilikuwa kosa langu."

Walisogea pembeni, karibu na dirisha. Mwalimu mkuu alitoa kalamu na orodha iliyokunjwa mara nne, lakini hakuandika mara moja.

"Stoo siwezi kukupa, mama. Mashine inakuja. Pampu inabaki, lakini si kwa kuwekwa. Itakaa kwenye korido ya kuingilia, mezani, wanafunzi waifikie wakati wowote. Bila kabati. Bila kufuli. Na bila wewe kusimama hapo, kwa sababu huwezi kusimama hapo kila siku."

"Wataivunja."

"Huenda."

"Kioo kikipasuka, hakuna kingine. Waliokuwa wanavitengeneza walishafunga."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza kabla sijaandika. Ikiwa hutaki, nitaelewa. Naweza kukuachia uipeleke kwako, ukaitunze chumbani."

Hilo hakulitarajia. Nyumbani palikuwa na nafasi, kati ya kabati na cherehani isiyotumika. Ingekaa humo bila mkwaruzo mpaka mwisho wa maisha yake, na asubuhi, akitaka, angefunga mlango na kuisikiliza. Alitazama mezani pake. Mwanamke wa kikapu alikuwa amefungua koki mwenyewe, bila kuruhusiwa, na alikuwa akimweleza mzee mmoja, kwa kujiamini na kwa makosa mawili, jinsi ngozi inavyoziba.

"Ngozi nitabadilisha mimi," alisema hatimaye.

"Ngozi badilisha."

"Na waambiwe wasipampu kama kinyozi."

Mwalimu mkuu alikunjua orodha juu ya kizingiti cha dirisha, akapiga mstari kwenye namba kumi na saba. Grisi ya kidole chake iliacha alama juu ya karatasi, na karatasi hiyo bado imo kwenye jalada la shule, doa likiwa limeufunika nusu ya mstari.

Vitu kumi na sita viliondoka Jumatatu. Mama Maabara hakwenda kuviangalia.

Alirudi shuleni baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne, wakati wa mapumziko, akiwa na ngozi mpya iliyolowekwa vizuri ndani ya kopo la mafuta. Pampu ilikuwa imefungwa kwa bolti nne juu ya meza ya mbao mwanzoni mwa korido. Kioo kilikuwa na alama za vidole kuanzia juu hadi chini, na ukingoni palikuwa na ufa mdogo, mfupi kama punje ya mchele, usiofika kwenye grisi. Mtu alikuwa amechonga herufi mbili kwenye mbao. Aliyaona yote hayo kwa mtazamo mmoja, kutoka mlangoni, na akasimama.

Wasichana kama kumi walikuwa wamejipanga. Wa mbele alikuwa akipampu taratibu, mwenzake ameshika kitufe, wengine wakihesabu kwa pamoja kwa sauti iliyozidi kushuka kadiri kengele ilivyoshuka, mpaka wakawa wanahesabu kwa midomo tu. Mama Maabara alisikiliza akiwa nyuma yao, na mpini ukiwa mikononi mwa mtu mwingine. Kutoka huko nyuma ulikuwa mlio tofauti. Uliondoka mapema zaidi, na korido nzima iliondoka nao. Kisha aliyekuwa mbele akafungua koki, mluzi ukaingia, kengele ikarudi kwa fujo, na wote wakapiga kelele.

Alianza kusogea mbele na kopo lake, kama alivyozoea kupita popote penye chombo chake. Msichana wa mwisho kwenye foleni, ambaye hakumjua, alinyoosha mkono.

"Shikamoo, mama. Na wewe unataka kupampu?"

"Marahaba. Ndiyo, mwanangu."

"Basi panga foleni hapa nyuma yangu. Mwenye zamu ni yule pale."

Mama Maabara alilitazama kopo, akaiangalia foleni, akaliweka kopo chini ukutani. Mbele yake walikuwa tisa.